Tatu Kali

Mtungi wa Bibi Eudora Gittens uliibwa Jumanne asubuhi, kati ya saa mbili alipokwenda kanisani kupanga maua na saa nne aliporudi. Ulikuwa mtungi wa udongo wa galoni tano, umejaa punchi ya ramu hadi shingoni. Mwizi hakugusa televisheni. Hakugusa mkufu wa dhahabu uliokuwa juu ya kabati. Alichukua mtungi tu, na alipotoka akaurudishia mlango vizuri.

Inspekta Carlisle Yearwood alifika saa tano, akasimama kwanza nje ya uzio. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, hapa Kendrick Hill, parokia ya St. John, lakini kwa miaka miwili alikuwa akizunguka njia ya juu ili asipite mbele ya ua huu. Sababu tunaijua sote kijijini. Tulikuwepo mezani.

"Ingia, mwanangu," Bibi Eudora akasema. "Uzio haung'ati."

Jikoni, Sajenti Tamisha Boyce alikuwa ameshapiga picha eneo la tukio. Sakafuni palibaki duara pale mtungi ulipokaa, na alama ya gurudumu moja iliyotoka hadi mlango wa nyuma.

"Toroli, afande," akasema. "Mtu mmoja, mwenye nguvu. Alama za vidole hakuna. Kitasa kimefutwa."

"Nani alijua mtungi uko hapa?"

"Kijiji kizima," Bibi Eudora akajibu. "Uko hapo tangu Jumamosi."

"Zamani ulikuwa ukiitengeneza punchi Septemba, ikae wiki nane."

"Zamani nilikuwa na mgongo."

Kila Siku ya Uhuru, tarehe thelathini Novemba, Kendrick Hill nzima hula mchana kwa Bibi Eudora: konki za unga wa mahindi na boga zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, samaki wa kukaanga, na punchi. Kipimo cha punchi mama zetu walitufundisha kwa wimbo: moja chachu, mbili tamu, tatu kali, nne dhaifu. Yaani ndimu, sukari, ramu, maji. Kila nyumba huongeza la kwake. Ya Bibi Eudora ina kitu kinachowasha kooni ambacho hakuna aliyewahi kukijua. Glasi moja, masikio yanapata moto. Glasi mbili, shemasi anacheza.

"Mwaka huu kuna lolote jipya kuhusu punchi?" Yearwood akauliza.

Bibi Eudora akatazama mikono yake. "Kuna kijana wa kiwanda cha vinywaji mjini. Anataka kuninunulia mapishi. Ijumaa anakuja kuchukua sampuli, apime ukali, uandikwe kwenye lebo."

"Ulifurahi?"

"Nani asingefurahi," akasema, na hakuwa na furaha hata chembe.

Saa nane mchana Sajenti Boyce aliufuata mkondo wa gurudumu, akaukuta mtungi korongoni nyuma ya shamba la miwa. Umesimamishwa juu ya jiwe bapa, haujapata hata ufa. Kizibo kimerudishwa. Ndani hamna kitu. Udongo kuuzunguka ulikuwa umelowa, na sisimizi walikuwa wameshapata habari.

"Ameimwaga yote," Boyce akasema. "Afande, huu ndio uhalifu wenyewe."

Yearwood hakucheka. Alichuchumaa. Mwizi wa punchi huinywa, au huiuza, au huwaita rafiki zake. Huyu alisukuma mzigo mzito nusu maili juani, akaumwaga, kisha akauweka mtungi taratibu usivunjike.

"Huyu hakuwa na kiu," akasema. "Alikuwa na hofu."

Akachovya kidole kwenye matone yaliyobaki shingoni mwa mtungi, akanusa. Ndimu. Kungumanga. Tangawizi. Na chini yake magome yaliyochemshwa, harufu aliyoijua tangu utotoni. Uso wake ukabadilika.

"Peleka sampuli maabara leo hii. Waambie wapime kilevi."

Jibu lilikuja kesho yake saa tatu. Boyce alilisoma mara mbili kabla ya kulisoma kwa sauti.

"Kilevi ni karibu na sifuri. Divai ya ushirika inaishinda. Afande, hii ni mobi."

Mobi ni maji ya magome machungu yaliyochemshwa na viungo na kutiwa sukari. Kisiwani kwetu huuzwa kila kona, na hunywewa na watoto na wachungaji.

"Labda mwizi aliibadilisha," Boyce akasema.

"Aibadilishe, kisha aimwage?" Yearwood akachukua kofia yake. "Twende kwa Bibi."

Wakamkuta anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Bibi, mwaka huu ulitia ramu kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Kiasi gani?"

Bibi Eudora akaendelea kufuta.

"Majibu ya maabara ninayo mfukoni, Bibi."

Kitambaa kikasimama. "Kichupa kimoja," akasema. "Kile cha kuingia mfukoni."

"Kwa galoni tano?"

"Hata tone haliingii mtungini. Nachovya kitambaa, napaka ukingo wa kila glasi. Pua ikishaipata ramu, mdomo hauulizi tena."

"Na ile tatu kali?"

"Mobi, nauchemsha hadi unakuwa mweusi. Tangawizi. Pilipili moja nyekundu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Boyce akaweka kalamu chini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Siku ya Uhuru, Anderson, mtoto wa pekee wa Bibi Eudora, aliinuka kwenye meza ya mama yake akiwa na glasi nne kichwani, akasema anakwenda kuleta barafu. Hakurudi hai; gari lake tulilikuta limetumbukia chini ya mwamba.

"Ile ya nne nilimjazia mimi," Bibi Eudora akasema. "Kwa mkono huu. Mwaka uliofuata watu wakaja na sahani zao. Bibi, punchi iko wapi? Kuwanyima niliona aibu. Kuwapa niliogopa. Nikabadili mapishi, nikijua watanigundua glasi ya kwanza. Wakacheza, mwanangu. Wakayumba. Nikawa naona aibu kwa niaba yao, na kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema."

"Uliumwaga wewe?"

"Ningekuwa na nguvu hizo ningeumwaga mapema. Ijumaa nilikuwa naingoja kama siku ya kunyongwa."

"Kichupa hicho unanunua wapi?"

"Kwa Oswin. Kwingine wapi?"

Duka la Oswin Skeete lina benchi nje, na benchini hapakosi watu wanne wanaogonga domino. Ndani, mkewe Marva alikuwa anakata jibini ya kutia kwenye mikate. Oswin mwenyewe alikuwa kaunta, jitu la mabega mapana, mwepesi wa utani.

"Inspekta, mwizi wetu umemtia pingu au bado unamnusa?"

"Nimekaribia. Bibi Eudora alinunua ramu kwako mwaka huu?"

"Hanunui kwingine."

"Kiasi gani?"

Oswin hakufikiri. "Kreti mbili, kama kila mwaka. Nilimbebea mwenyewe."

Marva akainua macho. "Kreti mbili zipi, Oswin? Yule mama huchukua kichupa kimoja. Mimi ndiye ninayemuuzia. Nilidhani nyingine anapata mjini."

"Siku hiyo hukuwepo."

"Nisiwepo niende wapi, na hili duka ndilo linalonilea?"

Yearwood akaegemea kaunta. "Mtu asiye na lake angesema kichupa kimoja, au angesema sikumbuki. Wewe umemwongezea mama wa watu kreti mbili. Kwa nini unautakia mtungi ule ramu, Oswin?"

"Nimekosea tu."

"Toroli lako liko wapi?"

Boyce alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma. "Gurudumu lina kiraka cha pembe tatu, afande, sawasawa na alama ya jikoni. Na ndani ya toroli kuna sisimizi."

"Oswin Skeete," Yearwood akasema, "una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

Oswin akakaa juu ya kreti tupu ya soda, na utani wote ukamwisha.

"Jumapili Bibi aliniita nimsogezee mtungi," akasema. "Nikachota kwa kata, nionje. Moja kwa moja, bila zile glasi zake. Nilidhani ulimi wangu unaumwa. Nikachota tena. Ramu hamna."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Boyce akasema polepole.

"Usinitanie, Sajenti. Ijumaa wangepima, na jioni kisiwa kizima kingejua."

"Kikijua, wewe kinakuuma nini?" Yearwood akauliza.

Oswin alitazama sakafu karibu na miguu ya mkewe. Ngoja niseme mimi, maana yeye ilimchukua muda. Miaka miwili iliyopita, Siku ya Uhuru, baada ya glasi mbili, Oswin alimpiga Marva kofi mbele ya meza nzima. Kosa lake ni kumsahihisha mumewe alipokuwa akisimulia kisa. Marva alikwenda kukaa kwa dada yake miezi minne. Tulikwenda kumbembeleza, mmoja baada ya mwingine, na wote tulikuwa na neno moja: si yeye, ni punchi. Akarudi. Nilikuwa mmoja wa waliokwenda, na sijui leo nitamtazama kwa macho gani.

Marva akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa mzima," akasema.

"Marva, sikiliza."

"Nauliza tu. Ulikuwa mzima?"

Nje, domino zilikuwa zimenyamaza.

"Nilikuwa mzima," Oswin akasema. "Mkono nilijua unakwenda wapi. Niliimwaga ili usije ukaniuliza swali hilo."

Marva akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka kaunta. Akachukua pochi yake. Funguo za duka akampa Sajenti Boyce, kisha akatoka, akapita mbele ya wale wanaume wanne wa benchini, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Oswin alipotiwa pingu ndipo alipopata sauti tena. Alisema chinichini, kwa mtu mmoja.

"Carlisle. Andika ilikuwa ramu. Bibi hatashitaki, mtungi umerudi. Unamfaidisha nani kwa kuandika vingine? Siku ile mimi nilipiga kwa mkono, wewe ulipiga kwa mdomo. Tulikunywa mtungi mmoja."

"Twende," Yearwood akasema. Masikio yalikuwa yanamwaka, na hakuwa amekunywa chochote.

Oswin alisema kweli. Kwenye meza ileile, siku ileile, Carlisle Yearwood alisimama na nyota zake mpya za uinspekta mabegani, akamgeukia mdogo wake Lemuel. Mama alifua nguo za watu tusome, akasema, na wewe ukaishia kuuza maji ya magome sokoni. Akasema siku ya mazishi ya mama aliwaambia wakubwa wake kwamba ana ndugu mfanyabiashara, maana kumtaja alivyo aliona aibu. Watu walicheka, Mungu atusamehe. Kesho yake alituma ujumbe: nisamehe, ilikuwa ramu. Lemuel akajibu: sawa, ilikuwa ramu. Tangu hapo Carlisle hajaja tena kwenye chakula cha Siku ya Uhuru, na ndugu hao hawajaonana uso kwa uso.

Kituoni, Sajenti Boyce aliketi na fomu ya shauri mbele yake. Ujumbe wa Bibi Eudora ulikuwa umeshafika: hataki mtu ashitakiwe kwa ajili ya mtungi wake.

"Maelezo ya mali iliyoibwa," Boyce akasoma. "Niandike nini, afande? Punchi ya ramu?"

Neno moja tu lilihitajika. Huenda lingemrudishia Oswin mke, lingewabakizia wanakijiji visingizio vyao vya miaka sita, na Inspekta chake. Yearwood alitazama fomu ile. Alikuwa anamwona Marva akikunja aproni.

"Andika galoni tano za mobi," akasema. "Kilevi hakuna."

"Watu wote watajua."

"Wajue."

Alasiri hiyo alikwenda sokoni mjini. Lemuel alikuwa nyuma ya meza yake, anamimina mobi kutoka juu ili utoe povu, na mbele yake wateja sita au saba wamepanga foleni. Alimwona kaka yake amesimama mwishoni mwa foleni, kofia mkononi. Hakumwita mbele. Akawahudumia wote kwa zamu, mpaka ikafika zamu yake.

"Kikombe kimoja, kaka?"

"Sikuja kunywa." Yearwood akasogea mezani. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kujipanga upya, nao walikuwa wanasikia. "Punchi ya Bibi Eudora haikuwa na ramu. Siku ile sikulewa, Lemuel. Nilikuwa mzima. Yale niliyosema nilikuwa nimeyabeba miaka mingi, nikapata mahali pa kuyatua. Nimekuja kukuambia hivyo. Na naona aibu. Safari hii aibu ni yangu mwenyewe."

Lemuel alimalizia kumimina, akafuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa.

"Magome yale Bibi ananunua kwangu," akasema. "Miaka sita sasa. Siku ile nilijua ulichokuwa umekunywa."

"Na bado ukajibu ilikuwa ramu?"

"Ulisema wewe. Mimi nilikubali tu, kisha nikakungoja uje bila hiyo punchi." Akakisogeza kikombe. "Kunywa, kaka. Watu wanasubiri."

Inspekta akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa maji yale ya magome mpaka mwisho, mbele ya soko zima.