Kikomo cha Sixbert

Scola aligeuka ghafla katikati ya msongamano wa soko la Singida mjini, mafuta ya alizeti aliyobeba yakamwagikia shati jeupe la kijana asiyemjua.

"Samahani, kaka'angu!"

"Kaka yako tena?" kijana akacheka. "Tafuta jina lingine, hilo silitaki."

Kumbe kijana huyo, Sixbert, ndiye mtunza seva, ile kompyuta kuu ya ofisi ambamo Scola na wengine walikodi nafasi ya kuendeshea programu zao. Programu ya Scola iliwajibu wakulima wa Ikungi bei za alizeti kwa simu. Ndiyo kazi iliyomlisha, na kila siku ya mnada, wakulima wakiuliza kwa wingi, ilizima.

"Sixbert, imezima tena!"

"Usilie, mpenzi, naiwasha. Ina kasoro mahali, tutaitafuta wote."

Scola akaiandika upya, akaiandika tena. Kasoro hakuiona. Aliyemwona ni Sixbert, mwenye sauti tamu na subira, akampenda jamani, akampenda hasa.

Sixbert aliposafiri Manyoni kuwaambia wazazi habari za uchumba, programu ikazima. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa wakulima, akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, mnada ujao ikizima tunatafuta mtu mwingine."

Scola akakimbilia ofisini, kitenge kikimvuka. Febronia, anayefanya kazi na Sixbert, akatazama seva.

"Mbona haina kasoro, dada? Imewekewa kikomo cha memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Ikikipita, seva inaizima. Ilikuwa inakula memori yote, programu za wenzako zinakwama. Sixbert hakukwambia?"

"Hakuniambia," Scola akasema.

Sixbert alirudi akitabasamu. "Wazazi wamekubali!"

"Kikomo uliweka wewe?"

Tabasamu likafa. "Seva ilikuwa inakwama, Scola. Ilibidi."

"Hilo naelewa. Ungesema, ningeipunguzia programu mzigo siku ile ile. Ulinyamaza kwa nini?"

"Kila ikizima ulinipigia mimi. Niliogopa ikitulia hutanitafuta tena."

"Nilikuwa nalia, Sixbert. Na ulikuwa unanisikia."

"Nisamehe. Nakiondoa sasa hivi."

"Kiache. Wenzangu nao wana haki na hiyo seva."

Akaibadili programu iwajibu wakulima kundi baada ya kundi, isibebe wote kwa mkupuo. Siku ya mnada programu ikachapa kazi tangu asubuhi. Mchana simu ikaita.

"Imezima, mpenzi?" Sixbert aliuliza.

"Haijazima."

"Basi nikusaidie nini?"

"Hakuna."

Akakata simu, kisha akalia kwa uchungu, maana alikuwa bado anampenda.