Mafuta Kwenye Shingo ya Risasi

"Harusi ni kesho kutwa," Karimu alisema kwenye simu. "Bibi harusi umemwona?"

"Bado."

"Mtafute. Bwana harusi hana roho ya akiba."

Simu ikakatika.

Jocelyne alichomoa laini, akaivunja kwa meno, akatema vipande kwenye jaa la stendi ya Noord, katikati ya honi za teksi za Quantum na moshi wa mahindi ya kuchoma.

Bibi harusi ilikuwa bunduki. Bwana harusi alikuwa Théodore, karani aliyeona dhahabu ya magendo ikipakiwa kwenye ndege. Jumatatu asubuhi angepanda ngazi za mahakama ataje majina. Mtu mmoja alikuwa amekodiwa ili asifike ngazi ya juu.

Mtu huyo aliitwa Octave. Analala wapi, hakuna aliyejua. Bunduki yake iko wapi, hakuna aliyejua. Ofisi ya upelelezi ya Karimu na Jocelyne ilijua jambo moja tu: Octave hanunui risasi dukani, kwa sababu duka huuliza leseni. Anatengenezewa nyumbani.

Na fundi wake alikuwa amekwama.

Fundi mwenyewe alikuwa Armel, Mrundi, mlinzi wa getini kule Sandton, mpole hata sauti yake huisikii vizuri. Alikuwa ameulizia kwa wenzake mtu wa kumsaidia. Ofisi ikaudaka ujumbe, ikamtuma Jocelyne, "fundi kutoka Lubumbashi."

Akashika njia ya Joubert Park, alikoishi Armel.

Lifti ilikuwa imekufa zamani. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, akapita kwaya mbili na kinyozi mmoja, akagonga.

Aliyefungua alikuwa mama mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Armel!" mama akaita bila kuondoa macho kwa mgeni. "Unaleta msichana nyumbani, mama yako hujamwambia?"

"Mama, ni mtu wa kazi."

"Kazi, kazi. Hata baba yako alikuja kwetu kwa kazi." Akamshika Jocelyne mkono. "Karibu, mwana wangu. Mimi Mama Vestine. Unasali wapi?"

Jocelyne alikuwa na jibu tayari, limeandaliwa Ofisini. Lilimtoka laini kabisa.

Chumba kimoja. Pazia katikati. Nyuma ya pazia, mashine ya kushindilia risasi imefungwa kwa boliti kwenye meza ya kulia chakula. Maganda ya shaba yalisimama kwenye trei ya mbao, midomo juu, yanang'aa.

"Mama anajua?" Jocelyne alinong'ona.

"Nilimwambia ni vipande vya taa za hoteli." Armel alitazama sakafu. "Dada, nisaidie. Vichwa vya risasi havikai. Kimoja kinazama, kingine kinabaki juu. Octave kanirudishia mara mbili. Ya tatu, alisema, atarudisha kwa njia nyingine."

Jocelyne akatoa kipimo chake, Mitutoyo ya kidijitali. Kilipima vizuri kama vipimo vyote vya aina yake. Ila Ofisi ilikuwa imekifungua tumbo: ukibonyeza kitufe cha sifuri mara tatu, gari lililoegeshwa barabarani linapata ishara.

Akaanza kazi. Akapima risasi moja, nyingine, nyingine. Kweli, hakuna mbili zilizolingana.

"Mdomo wa ganda unausugua ndani?"

"Nausugua."

"Maganda yote urefu mmoja?"

"Yote. Nakata mwenyewe."

Akakagua pini inayosukuma kichwa. Ilikaa sawasawa na ncha. Akakaza nati ya juu. Ilikuwa imekaza tayari. Kazi ya Armel ilikuwa safi. Usafi wa mtu aliyefundishwa jeshini akatamani kusahau.

Basi akashika risasi moja, akaegemeza ncha yake kwenye ukingo wa meza, akasukuma kwa kidole.

Kichwa kikateleza ndani ya ganda kama mguu kwenye tope.

Shingo haikamati. Akakichomoa kwa koleo, akachungulia. Baruti iliganda ndani ya ganda kama sukari iliyolowa. Akanusa.

Zeituni.

Hapo hapo pazia likasogea. Mama Vestine aliingia na kichupa cha plastiki. Akadondosha mafuta kidoleni, akagusa kitasa, kiti, paji la mwanawe. Halafu akaifikia trei. Akagusa mdomo wa kila ganda, taratibu, midomo yake ikicheza.

"Kwa jina la Yesu kazi hii isidhuru mtu," alisema. "Kwa jina la Yesu."

Armel aliangalia dirishani. Alikuwa ameshazoea; mama hupaka kila kitu, hata sufuria. Mtu haoni tena kitu anachokiona kila siku.

Jocelyne aliona.

Angeweza kuacha hivyo hivyo. Risasi zile zisingefika popote. Lakini Octave angetafuta fundi mwingine, na Ofisi isingempata tena.

"Mpigie Octave," alimwambia Armel. "Mwambie tatizo ni kina. Kila bunduki na koo lake. Siwezi kukalisha vichwa kwa kukisia. Alete bunduki hapa, nipime."

Armel akapiga, akamwambia kuna dada anataka kupima bunduki. Simu ikawa kwenye spika.

"Nani huyo mwanamke?" sauti ikauliza.

"Fundi," Armel akasema.

"Fundi anataka kuona mke wangu?"

"Fundi anataka usiaibike mbele ya watu," Jocelyne akajibu. "Risasi ikikwama kwenye chemba, utaitoa kwa meno?"

Kicheko kikavu.

"Kesho. Saa ya ibada."

Chini, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, Jocelyne aliweka laini mpya.

"Bibi harusi anakuja kesho nyumbani kwa fundi. Mama nimwondoe?"

"Abaki," Karimu alisema. "Octave akikuta mama mzee ndani atatulia. Akikuta nyumba tupu atageuza."

"Mzee Karimu, yule mama..."

"Abaki, binti yangu."

Alikuwa na nafasi ya kubisha. Hakubisha.

Jumapili jengo zima liliimba. Mama Vestine alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, viatu tayari miguuni, Biblia kwapani.

"Mama, leo usiende," Jocelyne alisema. "Tuombe hapa. Mimi na wewe."

Uso wa mama ulifunguka. Akavua viatu mara moja.

"Nilijua wewe umeletwa na Mungu!"

Wakapiga magoti kwenye zulia. Mama alimpaka mafuta viganjani, akamuombea safari zake, tumbo lake, kizazi chake. Jocelyne aliitikia amina.

Mlango ukagongwa.

Octave aliingia na mfuko mrefu wa kinanda. Nani angemshangaa Jumapili, kwenye jengo lenye makanisa kila ghorofa? Suti ya bluu, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba, mwana wangu. Unapiga kinanda?"

"Kidogo, Mama."

Nyuma ya pazia alifungua zipu. Remington 700, darubini juu yake.

Bibi harusi.

Jocelyne akachukua kipimo. Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Ghorofa ya tisa, lifti hakuna. Vijana wa Ofisi walipaswa kupanda kwa miguu.

Akaingiza ufito kwenye mtutu, akapima polepole, akarudia kupima. Octave hakuwa mjinga. Alichukua risasi moja mezani, akaibana kwa dole gumba. Kichwa kikateleza. Akanusa kidole.

"Mafuta."

Bastola ikatoka mara moja, ikalenga paji la Armel.

"Nani kakulipa uniharibie?"

"Si mimi, mzee! Naapa!"

Jocelyne alijua jibu. Mikono yake ilikuwa bado inang'aa kwa jibu hilo. Akahesabu ngazi za wenzake kichwani.

Pazia likafunguka.

"Ni mimi nimepaka," alisema Mama Vestine. "Ni mafuta ya upako. Mwache mwana wangu."

Octave akageuza bastola kwa mama.

Armel, yule asiyesikika, akaruka akasimama mbele yake.

Sasa!

Jocelyne aling'oa mpini wa chuma wa mashine, akaushusha kwenye kifundo cha mkono wa Octave. Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka, ikafyatuka, kioo cha dirisha kikamwagika. Akachomoa bastola yake, Glock, kiunoni. Ikateleza kiganjani kwa yale mafuta. Akaidaka kwa mikono yote miwili, akaibana shingoni mwa Octave.

"Lala chini. Taratibu."

Akalala.

Mlango ukavunjwa. Buti, kelele, pingu. Octave akapata zake. Armel akapata zake, akanyoosha mikono mwenyewe.

Mama Vestine aliokota ganda moja sakafuni. Akaligeuza.

"Hii si taa."

Akalisogeza karibu na macho.

"Ni risasi?" Akamgeukia Jocelyne. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tumepiga magoti pamoja, huku unajua. Umenivua viatu, huku unajua."

"Ndiyo, Mama."

Simu ikatetemeka.

"Kazi safi," Karimu alisema. "Théodore atafika mahakamani."

"Kijana alimkinga mama yake kwa kifua. Hilo nitalisema mbele ya jaji mimi mwenyewe."

"Jocelyne, wewe huna uso wa kuonyesha mahakamani."

"Kesho nitakuwa nao."

Akakata.

Mama Vestine alikuwa amefungua kichupa. Alipaka paji la Armel, akapaka na pingu zake. Akampaka mmoja wa vijana wa Ofisi aliyemshika, naye akainamisha kichwa bila kupenda. Akaenda kwa Octave, akapiga magoti kwa shida, akampaka hata yeye.

Halafu akasimama mbele ya Jocelyne.

Wakatazamana.

Mama akafunga kifuniko.

Jocelyne alivaa miwani yake ya jua, akapita katikati ya buti na vioo, akashuka ngazi zote bila kuharakisha, huku kila ghorofa ikiimba. Nje, taa ya robot ikawa ya kijani. Akavuka barabara, viganja vyenye mafuta vimekunjwa.

Hakuvipangusa.