Vipande Vinane vya Mgongoni

Maiti ya Ben Katuku ilitolewa Ziwa Chala saa nne asubuhi, ikalazwa juu ya turubai. Macho yalikuwa wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, kama wa mtu aliyekuwa ameng'ang'ania kitu kikamponyoka.

Inspekta Loise Mwandawiro, mpelelezi kutoka Voi, alichuchumaa kando yake. Ben alikuwa kiongozi wa kikosi kidogo cha wapiga mbizi waliopewa kazi ya kukagua bomba la maji chini ya ziwa. Alikuwa bado amevaa suti kavu, ile nene isiyoruhusu maji kuingia, kwa sababu huko chini baridi inauma. Lakini Konstebo Kiema alipoinua mguu wa maiti, maji yalimwagika kama kutoka kwenye jerikeni.

"Suti kavu gani hii imejaa maji?" Kiema aliuliza.

Loise alivua kofia ya mpira, akageuza shingo taratibu. Ukosi wa mpira unaobana shingo ulikuwa na mpasuko nyuma, mahali mvaaji hawezi kuona na kofia hufunika. Ulikuwa mnyoofu, urefu wa kidole. Mpira uliochakaa hupasuka ovyo. Huu ulikuwa umekatwa kwa wembe.

"Si ajali," alisema. "Piga picha. Halafu niitie aliyemvalisha."

Aliyemvalisha alikuwa Sylus, mpiga mbizi mwenzake, mwenyeji wa Sagalla. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Ni wewe ulimfunga suti?"

"Ni mimi, madam. Zipu iko mgongoni. Mtu hawezi kujifunga."

"Mlikuwa mmekosana?"

"Ben alikosana na kila mtu. Hata na mbuzi wa jirani."

"Nimekuuliza wewe."

"Tulikosana. Lakini sikumuua."

"Mbona hukumvuta kwa kamba?"

"Aliifungua akiwa chini. Siku zote alisema inanasa kwenye bomba. Ukimkanya, anakuita mwoga."

"Alibeba uzito gani?"

Sylus alishusha pumzi. Hilo alilijua vizuri. Suti kavu hushika hewa ndani, alieleza, na hewa huelea. Bila vipande vya risasi, yale madini mazito, mpiga mbizi hawezi kuzama. Ben alibeba vipande kumi na viwili, kila kimoja kilo moja. Sita kwenye mshipi, vinne mifuko ya mgongoni, na kimoja kila kifundo cha mguu ili miguu isimpae juu ya kichwa.

"Kwa nini mshipi upewe sita?"

"Hivyo ndivyo vya kutupa. Suti ikiingia maji unafungua mshipi, unaanguka, wewe unapanda. Vya mgongoni vimefungiwa ndani. Huko chini huwezi kuvitoa."

Kiema alileta mshipi uliookotwa karibu na maiti. Ulikuwa na vipande viwili tu.

Loise aliagiza mifuko ya mgongoni ifunguliwe. Kiema alipanga vipande vyake juu ya turubai kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. Vinane. Pamoja na viwili vya mshipi na viwili vya miguuni, vilitimia kumi na viwili.

Kwa hiyo Ben alifungua mshipi. Alifanya kama alivyofunzwa, na kilo mbili ndizo zilizomwacha. Nyingine zote zilibaki zimemkalia.

Sylus alikuwa ameinamisha kichwa. "Niliuona mshipi mwepesi, madam. Nikamwambia. Akauliza, 'Mizani imesema ngapi?' Nikasema kumi na mbili. Akacheka. 'Kumi na mbili, kama mitume. Funga tushuke.'"

"Na hizi alama kwenye vipande?"

"Kila mtu huyeyusha risasi yake mwenyewe, ya betri kuukuu. Halafu anagonga herufi yake kwa msumari. Ben ni B."

Loise aliokota kipande kimoja cha mgongoni, akakigeuza. Akaokota cha pili. Akaangalia vyote vinane.

"F ni nani?"

Sylus alimtazama kwa mshangao. "Fawaz Alwi. Mimi nilipoajiriwa alikuwa ameshazikwa." Akasita. "Si ni wewe ulifunga faili yake, madam?"

Ni yeye. Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, Fawaz alikufa maji ziwa hili hili. Ben alimkabidhi ripoti iliyoandikwa vizuri: marehemu alijipangia uzito kinyume cha maagizo. Loise hakuomba kuona hata kipande kimoja. Aliandika ukurasa mmoja, ajali, akatia sahihi kabla ya chakula cha mchana.

"Vifaa hufungashwa na nani?"

"Na mtunza stoo. Ruweida."

"Ruweida nani?"

"Dada yake Fawaz."

Kesho yake asubuhi daktari wa upasuaji wa maiti alithibitisha kwamba Ben alikufa maji. Loise alikwenda na Kiema hadi stoo ya kikosi, mjini Voi. Mlango ulikuwa wazi na kilima cha Sagalla kilionekana chote kupitia hapo. Ruweida alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, buibui limemkaa sawa, mikono mapajani. Mezani mbele yake kulikuwa na vipande vinane vya risasi vimepangwa safu. Vyote vilikuwa na herufi B.

"Karibu, afande," alisema. "Umechelewa mwaka na miezi miwili."

"Una haki ya kunyamaza, Ruweida. Utakalosema litaandikwa."

"Nimenyamaza vya kutosha."

"Ni wewe ulikata mpira wa shingo?"

"Ni mimi."

"Vipande vya F ulivipata wapi?"

"Tulirudishiwa ndani ya gunia, vingali kwenye mshipi na mifuko yake, pamoja na viatu. Mama hakuthubutu kulifungua. Nililifungua mimi."

"Ukaona nini?"

"Siku ile mimi ndiye niliyemfungashia ndugu yangu. Sita mshipini, vinne mgongoni. Gunia lilirudi na viwili mshipini, vinane mgongoni. Ben alivihamisha, ati Fawaz alale sawa chini ya bomba. Na alijua fika kwamba mpira wa suti ya Fawaz umeoza. Suti mpya aliichukua yeye. Fawaz alipouliza kuhusu mshipi, unajua aliambiwa nini?"

Loise alijua.

"Kumi na mbili, kama mitume. Fawaz akacheka, maskini, kwa adabu. Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Ungekuja kituoni."

"Nilikuja mara tatu. Niliambiwa inspekta ana kazi, faili imefungwa, rudi kesho. Mama yangu, Bi Mwanamvita, akienda sokoni anaambiwa mwanawe alijiua kwa ujinga. Imeandikwa na polisi, nani atabisha?"

Kiema alitazama nje.

"Kwa nini hukutumia vipande vya Ben mwenyewe?" Loise aliuliza. "Nisingekujua upesi hivi."

"Nilitaka azamishwe na vya Fawaz. Alipofungua mshipi akaona bado anashuka, nilitaka awe na muda wa kukumbuka ni nani mwingine aliyeshuka hivyo."

"Hujuti?"

"Nilijuta mwaka mzima kwa kukubali kurudi kesho. Sasa basi."

Loise alitoa karatasi za taarifa. Ruweida aliweka kiganja juu yake kabla kalamu haijagusa.

"Anza na ya Fawaz."

"Hii ni kesi ya Ben."

"Ya Ben nitatia sahihi kila ukurasa. Nitafungwa, najua. Anza na ya Fawaz."

Loise alisogeza karatasi za Ben kando. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika polepole, akisoma kila sentensi kwa sauti. Marehemu Fawaz Alwi hakujipangia uzito. Ulihamishwa na kiongozi wake. Suti ilikuwa mbovu na kiongozi alijua. Vipande havikuhesabiwa na mpelelezi.

"Mpelelezi yupi?" Ruweida aliuliza.

Kalamu ilisimama. Halafu Loise aliandika jina lake kamili, na cheo, na namba yake ya kazi.

Ruweida aliisoma karatasi yote mara mbili. Akaikunja, akampa Kiema.

"Mpelekee mama yangu nakala. Umsomee, hana miwani."

Akanyoosha mikono mbele ya Loise, viganja juu, afungwe pingu.