Miti Iliyorudishwa kwa Siri

Mteuzi aliuinua mche kwa mikono yake miwili ya chuma, akauzungusha polepole mbele ya macho yake kama bibi anayemkagua mjukuu aliyetoka kuoga. Kwanza aliliminya shina kwa vidole-hisi, kuanzia chini hadi kwenye ncha. Shina la mplumeria mzima huwa gumu na limejaa. Lililooza hubonyea, na lenye kiu huwa na mikunjo. Kisha akalikwaruza gome kwa sindano nyembamba mithili ya unywele. Kijani kikaonekana, tone la maziwa meupe likachomoza. Akageuza majani kutafuta ule unga wa rangi ya chungwa unaoitwa kutu, akatafuta matundu ya funza pamoja na vumbi la mbao wanaloliacha mlangoni pao, halafu akauchomoa mche kwenye chungu na kuitazama mizizi. Ilikuwa myeupe, haikujiviringa kama kamba, wala haikunuka tope bovu.

"Mzima," akasema Mteuzi, akaurudisha mche chunguni na kuchukua mwingine. Kazi yote ilikuwa imechukua muda wa mtu kupiga chafya mara mbili.

Mhandisi Mwanahawa Kidiwa, aliyemuunda Mteuzi, alisimama nyuma ya roboti huyo akiwa amepakata chungu kilichofunikwa kanga. Alikuwa amefika kitaluni asubuhi kama mteja mwingine yeyote, na kama mteja mwingine yeyote aliona haya.

Miaka hiyo jiji la Tanga lilikuwa limepanda juu. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba watu waliishi katika majengo marefu yenye kuta-baridi, yaani kuta zenye mishipa ndani yake inayopitisha gesi ya kupoza, kama damu inavyopita mwilini. Katika majengo hayo hapakuwa na ua wala bustani, lakini watu hawakuacha mila. Mama alipotimiza arobaini baada ya kujifungua, ndugu walimletea mplumeria, ule mti wa maua meupe yenye kitovu cha njano, wakauweka kwenye chungu nje ya mlango wake. Mti ukistawi, wapita njia walisema mtoto ana afya na nyumba ina baraka. Mti ukinyong'onyea, hawakusema kitu. Walitazamana tu, na mwenye nyumba alijua wanatazamana kwa sababu gani.

Ndiyo maana Mwanahawa alipomuunda Mteuzi alimtengenezea dirisha la sitara. Mtu aliweza kuleta mti wake mgonjwa, akauingiza dirishani bila kujulikana, akapewa mzima wa kimo kilekile. Mteuzi hakuuliza jina wala jengo, na hakuweka kumbukumbu. Mwanahawa aliona fahari kubwa juu ya jambo hilo kuliko vidole-hisi vyote. Alipokuwa akiomba dua baada ya swala, alimshukuru Mola kwa kumjalia kuziba aibu za waja wake.

Leo chungu alichokipakata kilikuwa cha mdogo wake, Saumu, aliyeishi katika jengo la Majumba ya Rahma na mwanawe Haruni, mtoto wa miezi sita. Saumu alikuwa amempigia simu akinong'ona, akamwomba ambadilishie mti kabla majirani hawajaamka vizuri.

Foleni ya dirishani ilikuwa ndefu, basi Mwanahawa akazunguka nyuma, mahali ambapo wateja hawafiki. Huko kulikuwa na tanuri la kuchomea miti iliyokataliwa. Msimamizi wa kitalu, Bwana Semkiwa, alikuwa amelifungua tanuri na kichwa chake kimo ndani.

"Limekufa tangu juma lililopita," akasema bila kugeuka. "Fundi kila siku yuko njiani. Sijui anatembea kwa magoti?"

Mwanahawa hakucheka. Alikuwa anatazama lundo lililokuwa kando ya tanuri.

Miti ilikuwa imelazwa hapo kama kuni, mmoja juu ya mwingine, na yote ilikuwa na ncha nyeusi. Weusi ule haukuwa na ukungu, wala haukuwa na utelezi wa kuoza. Majani yalikuwa yameungua kwenye kingo na vichomozo vya maua vilikuwa vimekauka kabla ya kufunguka. Aliinama, akaminya shina moja, akalikwaruza kwa ukucha. Chini maziwa yalitoka vizuri. Akachukua la pili, la tatu. Hapakuwa na funza, hapakuwa na kutu, mizizi ilikuwa mizima. Kisha akaitoa kanga kwenye chungu cha Saumu. Ncha zilikuwa nyeusi vilevile, kama kidole kimoja na kingine cha mkono uleule.

Alimuuliza Semkiwa miti ile imetoka wapi. Semkiwa akamtazama kwa mshangao, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataza kuuliza. Mwanahawa akaenda kwa Mteuzi na kumwonyesha mti wa Saumu.

"Huu una nini?" akamuuliza.

"Ugonjwa hauna jina," Mteuzi akajibu. "Choma."

"Umechoma mingapi kama huu?"

"Sihesabu. Uliniagiza nisihesabu."

Mti mgonjwa ni kama mtoto anayelia: haujui kusema unaumwa nini, lakini unasema unaumwa. Mwanahawa alikuwa ameunda mashine ya kuunyamazisha. Hata hivyo hakujua bado ni nini kilichonyamazishwa. Akaamua kuurudisha mti mahali ulipokuwa umesimama, auone huko.

Saumu alipofungua mlango na kumwona dada yake na chungu kilekile mkononi, nusura amvute ndani kwa nguvu.

"Dada, umeurudisha? Mchana kweupe hivi? Mama Siwema wa hapo mbele ana macho ya mwewe, sasa hivi jengo zima litajua."

"Mdogo wangu, niambie ulikuwa umekaa hivi au hivi," Mwanahawa akasema, akikizungusha chungu mlangoni.

Saumu alinung'unika lakini akaonyesha. Alikumbuka kwa sababu ya ufa wa chungu, ambao alikuwa ameugeuzia ukutani usionekane. Chungu kilipokaa sawasawa, Mwanahawa akachuchumaa. Sasa aliona kile ambacho Mteuzi hakuweza kukiona akiwa kitaluni. Matawi yaliyoelekea ujiani yalikuwa na majani ya kijani. Matawi yote yaliyoungua yalielekea ukutani.

Akaweka kiganja kwenye ukuta. Ulikuwa wa baridi, kama ulivyotakiwa uwe. Akavuta pumzi, akasikia harufu tamu ya maua ya plumeria, nzito kidogo, ile harufu ambayo watu wa Majumba ya Rahma walizoea kuisifia kwa wageni.

Kisha akautazama mti tena. Haukuwa na ua hata moja.

Akainuka, akatembea ujia mzima kutoka mlango hadi mlango. Miti mingine ilikuwa mizima, mibichi kabisa, ile iliyobadilishwa karibuni, na hakuna hata mmoja uliokuwa umechanua. Lakini harufu ilikuwa kila mahali, na alipoinama karibu na sakafu ilizidi.

"Ya Rabbi," akasema. Alikuwa mtu wa dua ndefu, lakini siku hiyo ulimi wake ulikomea hapo.

Kama mhandisi, mengine aliyapanga kichwani kwa haraka ya kutisha. Gesi ya kuta-baridi ilikuwa na harufu tamu kama ya maua hayo. Miaka michache nyuma, vinusio vya jengo, vile vyombo vya kunusa hewa na kupiga king'ora, vilikuwa vikilia kila mara bila sababu iliyojulikana. Wakazi walilalamika. Kamati ikaona ni maua ndiyo yanayovichanganya, ikaomba vinusio vifundishwe kuipuuza harufu hiyo. Tangu siku hiyo vilikuwa kimya. Na gesi ile, iliyokuwa ikivuja muda wote huo, ilikuwa nzito kuliko hewa. Haikupanda. Ililala chini, pale vilipokaa vyungu, pale ilipotandikwa mikeka.

"Haruni yuko wapi?" akauliza.

"Amelala mkekani. Si unamjua mwanao, hana shida. Watoto wa jengo hili wapole wote, hata daktari anatusifia."

Mwanahawa aliingia ndani karibu kwa kukimbia. Mtoto alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, ngumi zimelegea. Akamwita, akamfinya kidole cha mguu. Mtoto akageuza macho polepole kama mtu anayeitwa kutoka mbali, akayafumba tena. Mwanahawa akambeba juu ya bega na kumwambia Saumu wateremke chini, kwenye uwanja wa wazi, bila kuuliza wala kuvaa viatu.

Saumu aliuliza njia nzima. Dada yake alimjibu kwa vipande vipande, na walipofika chini Saumu alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Mwenyekiti wa jengo, Bwana Mhando, alikuwa uwanjani chini ya turubai akinywa kahawa. Aliwasikiliza kwa adabu, maana alikuwa muungwana, kisha akatikisa kichwa. Vinusio viko kimya, akasema. Hawezi kuwatoa watu mia kadhaa juani kwa sababu ya mti mmoja. Kama kungekuwa na nyumba nyingine zenye tatizo hilo angekuwa ameshasikia, na yeye hajapata kusikia mti hata mmoja ulioumwa katika jengo lake.

"Hukusikia kwa sababu tulikuwa tunaificha," Mwanahawa akasema. "Na mimi niliwasaidia kuificha."

Wanawake kadhaa walikuwa wameshakusanyika. Mwanahawa akawageukia, akawaomba waseme ni nani aliyewahi kubadilisha mti. Mmoja alivuta mtandio wake. Mama Siwema, yule wa macho ya mwewe, akasema yeye mti wake Alhamdulillahi haujapata hata jani la njano, labda wenye miti inayokufa wajiulize wenyewe wana nini majumbani mwao. Wengine wakatoa kicheko kidogo cha woga.

Saumu aliyasikia maneno hayo. Alivuta pumzi, akarudi ndani ya jengo, na Mwanahawa alipotaka kumfuata alimzuia kwa mkono. Alipotokea tena alikuwa amepakata chungu chake chenye ufa, na mti wenye ncha nyeusi ukipepea juu ya kichwa chake. Akauweka katikati ya uwanja, penye jua, mbele ya macho ya kila mtu.

"Huu ni wa Haruni," akasema. "Ni wa pili. Wa kwanza niliuingiza dirishani mwezi wa Shaabani, nikajitanda mpaka puani nisijulikane. Sasa mnijue. Na kama kuna mwenzangu hapa, namwomba kwa Mungu, asinionee aibu mimi, amwonee huruma mwanawe."

Halafu Mama Siwema akaondoka. Watu wakadhani amekasirika. Alirudi na mti wake, nao ncha yake nyeusi alikuwa ameikata kwa kisu na kulifunika jeraha kwa nta ya mshumaa. Aliutua kando ya mti wa Saumu bila kumtazama mtu.

Baada ya hapo milango ilifunguka kwenye kila ghorofa. Miti ikateremka mikononi, mabegani, mingine ikiwa imefichwa kwa mazoea ndani ya mashuka, na kila iliyofunuliwa ilikuwa imeungua upande mmoja. Pamoja na miti wakateremka watoto. Bwana Mhando alikuwa ameacha kahawa yake. Alisimama akiwatazama watoto wale, walivyolala kimya migongoni na mapajani, juani, katika kelele ile yote, na uso wake ukabadilika rangi. Akachomoa simu, akaagiza kuta-baridi zizimwe na magari ya hospitali yaje, akapaza sauti mpaka ikakatika.

Mwanahawa alikuwa amemlaza Haruni kwenye mkono wake, akimpepea na kumsomea dua alizoweza kuzikumbuka. Mtoto akakunja uso. Akapiga mwayo, akatupa mkono, kisha akafungua kinywa na kulia. Kilikuwa kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa anayedai haki yake. Saumu akamnyakua, akalia naye.

Kilio kile kilipokuwa bado kinasikika, mwanamke mmoja alitoka mbio mlangoni mwa jengo. Mwanahawa hakumjua. Kwa mkono mmoja alikuwa amebeba mplumeria mzuri mno, shina gumu, majani yanang'aa, mti ambao bila shaka ulikuwa umetoka dirishani asubuhi ileile. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika binti yake, ambaye alitembea taratibu, akitazama mbele yake tu.

"Nimesikia mtoto analia," mwanamke akasema huku akihema. "Ni wa jengo hili?"

Wakamwambia ndiyo, ni Haruni wa Saumu. Akamtazama Haruni kwa muda, kama mtu anayeona kitu ambacho amekuwa akisimuliwa tu. Kisha akamgeukia Mwanahawa, maana alikuwa ameambiwa yeye ndiye mwenye ile mashine.

"Huu ni wa nne," akasema, akiuinua mti. "Kila safari nilipeleka wenye ncha nyeusi, na mashine yako ikaniambia chukua, huu mzima. Nikachukua. Rukia wangu ametimiza miaka mitatu, hajasema neno bado. Mama mkwe anasema ni mpole, kamfuata babu yake. Sasa akikaa hapa kwenye hewa safi, na yeye ataamka kama huyo?"

Mwanahawa alijua kuminya shina na kusema huu mzima, huu umeharibika, lakini mtoto hakuwa shina. Alipiga magoti mchangani mbele ya mtoto, ili macho yao yawe sawa.

"Mwamkie mama mkubwa, mwanangu," mwanamke akamhimiza binti yake kwa upole. "Mwambie shikamoo."

Mtoto akamtazama Mwanahawa. Mwanahawa akangoja, marahaba yake ikiwa tayari mdomoni. Uwanja wote ukanyamaza ukingoja naye.