Pamba Alikuwa Anakua

Mchana, cherehani ya fundi ilipoanza kuunguruma, nyumba nzima ilisinzia. Pazia lilipumua dirishani. Vumbi la nyuzi lilielea kwenye mwanga, likapanda na kushuka polepole, kama halina pa kwenda. Chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, Pamba alilala.

Pamba alikuwa mbwa mweupe mwenye manyoya tele. Aliletwa nyumbani miezi saba nyuma, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kapu la nyuzi. Fundi, mama wa nyumba hiyo, alimpenda siku ileile.

"Sasa mgeni wetu atakaa hivihivi, hajavaa kitu?" alisema.

Akachukua kipande cha turubai jekundu, akakikunja mara tatu, akamtengenezea mkanda wa shingo. Hakuweka chuma cha kufungia. Aliogopa chuma kingemkwaruza mtoto huyo wa mbwa. Aliziunganisha ncha mbili za mkanda papo hapo shingoni, kwa sindano ya mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana. Hata mumewe, aliyefanya kazi ya kupaka rangi majumba na ambaye hakusifu kitu kirahisi, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo umeweza, Mama Chiriku."

Chiriku alikuwa binti yao wa miaka tisa. Jina la shuleni alikuwa nalo. Lakini kwa jinsi alivyosema tangu asubuhi hadi jioni, hakuna aliyelikumbuka.

Siku zikapita. Pamba akawa mkubwa, manyoya yake yakawa marefu. Mkanda ukapotea ndani ya manyoya, na fundi akausahau kabisa.

Kisha Pamba akabadilika. Hakukimbilia tena mlangoni. Alimeza chakula kwa taabu, akakohoa. Ukinyoosha mkono kumshika kichwa, alirudi nyuma.

"Anaringa," alisema Chiriku.

"Kashiba makombo," alisema baba yake. "Kila siku anapewa mifupa ya kuku, na bado ananuna. Ningepewa mimi, ningeimba."

Jumatano Chiriku alirudi kutoka shule, akatupa mkoba chini, akamkumbatia Pamba shingoni. Pamba alinguruma. Meno yakalia kap! Mkono wa gauni ukachanika hadi kwenye kiwiko. Ngozi haikuguswa, lakini nyumba nzima ilipigwa na butwaa.

"Basi," alisema baba. "Leo ni mkono wa gauni, kesho ni mkono wa mtoto. Jumamosi mlinzi wa lile ghala ninalolipaka rangi atakuja kumchukua, anatafuta mbwa mkali."

Chiriku aliokota mkoba wake, akaukumbatia badala ya Pamba.

Kesho yake mchana fundi alishona, lakini akili yake haikuwepo. Akilini aliona Jumamosi imepita, chini ya meza pakiwa patupu. Aliona vipande vya vitambaa visivyo na joto la mtu. Alipozinduka, alikuwa ameshona mkono wa shati nje ndani.

"Hodi! Koti langu liko tayari, au nalo limelala?"

Alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili, daktari wa mifugo. Alikuwa ameleta koti lake jeupe la kazini lipunguzwe.

"Limeamka, daktari. Karibu ndani."

Daktari alilivaa koti, akajigeuza mbele ya kioo. Kisha akamwona Pamba chini ya meza, na tabasamu likatoweka usoni.

"Mbona huyu anainamisha kichwa hivyo?"

Fundi akamweleza yote, hata habari ya Jumatano. Daktari hakumgusa mbwa. Aliuliza kwanza.

"Meno yaligusa ngozi ya mtoto?"

"Hapana. Nguo tu. Nilimkagua mkono wote."

"Vizuri. Siku yoyote jino la mbwa likichubua ngozi, au mate yake yakigusa mchubuko, osheni hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Kisha nendeni hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Msingoje. Huyu ameng'atwa na mbwa mwingine? Anatoka udenda?"

"Hapana. Hatoki nje ya ua."

"Amechanjwa kichaa cha mbwa?"

Fundi akatazama sakafu. "Bado, daktari. Tulisema akikua."

"Amekua, dada yangu."

Daktari akachuchumaa ubavuni mwa Pamba, bila kumkazia macho. Akaongea naye kwa sauti ya chini, akamwacha anuse vidole. Alikaa hivyo muda mrefu. Cherehani ilikuwa kimya. Nje mtu alikuwa akifagia, taratibu, kama yuko mbali sana.

"Nikatie kitambaa laini kirefu," alisema. "Mbwa mwenye maumivu hung'ata hata anayempenda."

Akamfunga Pamba mdomo kwa kitambaa kile, kwa namna ya kumwachia pumzi. Kisha akayapanua manyoya ya shingo. Harufu ya kidonda ikatoka. Pale chini, turubai jekundu lilikuwa limebana mpaka ngozi imechubuka na kutoa maji.

"Nani alimfunga huu mkanda?"

"Mimi," alisema fundi. "Niliushona."

"Unafunguliwa wapi?"

"Haufunguliwi."

Fundi akakaa chini sakafuni. "Nawashonea watoto wa mtaa mzima sare," alisema. "Kila sare naiachia pindo, mtoto akikua mama yake ashushe. Hakuna hata mmoja niliyemsahau. Nimemsahau huyu wa nyumbani mwangu!"

"Utalia baadaye," alisema daktari kwa upole. "Kidonda bado hakijawa kirefu. Mkasi nauogopa hapa, ncha yake itamchoma. Una kitu cha kufumulia?"

Fundi akachukua kile kichuma chembamba anachofumulia mishono iliyokosewa. Alifumua uzi mmoja. Akafumua wa pili. Ulikuwa mshono mzuri, na kila tundu lake lilimuuma. Vumbi la nyuzi lilielea juu ya vichwa vyao. Ilionekana kama saa zimesimama, na duniani hakuna kitu ila uzi na pumzi ya mbwa.

Mkanda ukaanguka. Pamba akavuta pumzi ndefu, ikapita mwili mzima hadi mkiani.

Daktari alimsafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Alipomaliza, alimfungua mdomo, akaangalia bakuli la chakula.

"Na hii mifupa?"

"Anaipenda."

"Hata wewe unapenda sukari. Mfupa uliopikwa hupasuka kama sindano, humchoma tumboni. Mpe chakula chake mwenyewe, asubuhi na jioni, kisicho na chumvi nyingi wala vitunguu. Maji masafi yasikosekane kutwa. Na kila siku mpapase mwili mzima, kuanzia masikio hadi kwenye kucha. Utakuta kupe, utakuta uvimbe, kabla havijawa balaa. Akipona, mvalishe mkanda unaofunguka, vidole viwili vipite chini yake. Upime kila wiki mpaka aache kukua."

Kesho yake asubuhi fundi alimpeleka Pamba kliniki. Alipewa dawa ya kidonda na ya minyoo. Akaandikiwa siku ya chanjo, wiki inayofuata, kidonda kikikauka. Jioni mume alisikiliza habari yote huku akijisugua rangi vidoleni. Alitoka nje, akaosha kopo la maji la Pamba, akalijaza mpaka juu.

Jumamosi mlinzi wa ghala alifika na kamba begani.

"Yuko wapi huyo mkali wenu?"

Chiriku alimshika mama yake nguo. Baba alisimama mlangoni, hakusogea.

"Ngoja kwanza, kaka. Kule ghalani mbwa hunywa maji saa ngapi?"

"Mvua ikinyesha," alicheka mlinzi.

"Na chanjo?"

"Chanjo? Mimi mwenyewe sijui nilichanjwa lini!"

"Hiyo kamba utamfunga wapi?"

"Shingoni. Mbwa hufungwa wapi, mguuni?"

Baba akatazama nyuma. Chini ya meza Pamba alikuwa amelala chali, shingo yake wazi, iliyopakwa dawa ya buluu. Miguu yake ilikuwa ikikimbia hewani, taratibu, katika uwanja anaouona yeye peke yake.

"Lakini mlisema anang'ata," mlinzi alisema kwa sauti kubwa.

"Alikuwa anasema," alijibu baba. "Sisi ndio hatukusikia. Samahani kwa kukusumbua, huyu haendi popote." Akaweka kidole mdomoni. "Na tafadhali, kaka, punguza sauti. Kuna mtu amelala."