Ng'ombe wa Rhobi na Anwani Mbili

Kila asubuhi Rhobi alipeleka ng'ombe kunywa maji kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi akili yake ilitangulia mbali. Ukungu ukiwa bado umelala bondeni, kijijini kwao Genkuru, aliwaona watu wa nchi asizozijua wakifungua simu zao na kumtazama ng'ombe wake. Si hawa wa baba yake, waliokuwa wakimkanyaga miguu, bali yule aliyemchora mwenyewe kwenye tovuti ya shule. Chini ya mchoro paliandikwa: Rhobi, darasa la sita. Mara nyingi ng'ombe wa kweli walikwisha kunywa na kuanza kurudi nyumbani, naye bado amesimama.

"We Rhobi, kichwa kiko wapi?" mama yake, Tabitha, alimwita. "Pita huku juu. Kule chini kuna tope."

Mama alikuwa amekata tawi bichi na kulilaza katikati ya njia ya chini, kama watu wa huko wafanyavyo, ili anayekuja nyuma ajue kuwa hapapitiki.

Tovuti ile ilianzia kwenye anwani ya bure. Baadaye shule ikapata anwani yake yenyewe, na Mwalimu Verdiana, msimamizi wa klabu ya kompyuta, akanakili kila ukurasa kwenye anwani mpya. Mambo yale yale yakawa yanasomeka mahali pawili.

"Tusiiache hivi," mwalimu aliwaambia. "Siku tukibadilisha tangazo huku, kule litabaki la zamani. Wala tusiifute ile anwani ya zamani, watu wameizoea. Tuilazie tawi: mtu akiifungua, apelekwe moja kwa moja kwenye mpya. Rhobi, neno la siri unalo wewe, na jinsi ya kufanya nimekuonyesha. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Lakini kwenye anwani mpya, chini ya ng'ombe mwalimu alikuwa ameandika tu: Klabu ya Kompyuta. Rhobi aliketi mbele ya skrini, kidole juu ya kitufe, moyo ukimuuma. Akibonyeza, ukurasa wenye jina lake hautaonekana tena na mtu yeyote. Akaizima kompyuta. Mwalimu alipomuuliza, alijibu haraka, "Nimeshaielekeza kwenye mpya, mwalimu," akakimbilia nje kabla hajaulizwa swali la pili.

Miongoni mwa kurasa zilizonakiliwa palikuwa na tangazo kwamba madaktari wa macho wangekuja shuleni Alhamisi kutibu wazee bila malipo. Mvua ikaharibu barabara, na madaktari wakaomba kazi ifanyike Bomani, mjini Tarime. Mwalimu akalibadilisha tangazo kwenye anwani mpya, na wanakijiji wakaambiwa kanisani na sokoni. Kwenye anwani ya zamani liliendelea kusema: Genkuru.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, pikipiki iliyojaa matope ilisimama langoni. Kijana alimshusha bibi mmoja polepole, akimshika mkono.

"Shikamoo, bibi," Rhobi alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sauti nasikia, sura siioni. Mimi ni Zilpa, na huyu ni Okal, mtoto wa binti yangu. Madaktari wako wapi?"

"Si ni hapa?" Okal aliuliza. Uwanja ulikuwa mtupu. "Sisi tumetoka ng'ambo, tumevuka mpaka pale Sirari asubuhi na mapema. Jana nimeona kwa simu. Ona."

Akamwonyesha. Juu palikuwa na tangazo, na chini yake ng'ombe, na chini ya ng'ombe jina la Rhobi. Ndicho alichokuwa akikiota kila asubuhi: ng'ombe wake kwenye simu ya mtu wa nchi nyingine.

"Huyo ng'ombe nimesimuliwa njia nzima," Bibi Zilpa alisema akitabasamu. "Nikitibiwa, ndiye nitakayemtazama kwanza."

Madaktari wangeondoka Bomani alasiri ile ile, na bibi huyu alikuwa amepita mjini Tarime bila kujua. Rhobi angeweza kusema mtandao una matatizo, nani asingeamini? Badala yake alikimbilia ofisini.

"Mwalimu, ile anwani ya zamani sikuielekeza. Nilikudanganya. Kuna bibi amekuja, haoni, na ni kwa sababu yangu."

Mwalimu Verdiana alichukua simu. Akawapigia madaktari, akawasihi wamsubiri bibi. Akampigia na Stanslaus, mwenye gari la kubebea ndizi, na Bibi Zilpa akaketishwa mbele.

"Na wengine walioisoma anwani ya zamani?" mwalimu aliuliza.

Rhobi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alifungua kompyuta, akabonyeza kitufe alichokuwa akikiogopa, kisha akakata tawi na kwenda kusimama njia panda. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake, akifuatwa na mama aliyefunika jicho kwa leso. Rhobi aliwaomba radhi, akawaketisha kivulini mpaka Stanslaus aliporudi kuwachukua.

Siku chache baadaye Okal alituma ujumbe, na mwalimu akausoma mbele ya klabu. Bibi Zilpa alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa aliomba simu, akamtazama ng'ombe kwa makini, akauliza: mbona ana miguu mitano?

"Huo ni mkia!" Rhobi alisema, na klabu nzima ikacheka. Naye akacheka, huku machozi yakimtoka.

"Ulitaka jina lako lisomwe, na si vibaya," Mwalimu Verdiana alisema. "Lakini wapo watu wanaopanga safari kwa kuamini neno letu, na uongo wako mdogo uliwapoteza. Uliposema kweli, wakafika. Tangu leo, hiyo ndiyo iwe sifa yako."

Rhobi akavuta kiti karibu na kompyuta, akaupunguza mkia kwenye mchoro. Aliupunguza mahali pamoja tu, na yeyote aliyemfungua ng'ombe yule, kwa anwani ya zamani au mpya, alimkuta ana miguu minne.