Bahari ya Ghorofa ya Tisa

"Sindano, kikao kimeanza," Mkuu wake wa upelelezi wa kodi alinong'ona kwenye kifaa cha sikioni. "Wakipitisha azimio, faida yote ya mgodi inahesabiwa ya ng'ambo. Kodi yake tutaisikia kwenye bomba."

Sindano alikuwa akishuka ngazi za makao ya kampuni ya mgodi mbili mbili, bastola ya Glock kiunoni.

Kampuni iliapa kwamba mwenyekiti wake, ambaye jina lake ililificha, huishi kisiwani, na maamuzi yote hufanyika huko. Mkuu alikuwa akikichungulia kikao kwa siri kwenye kompyuta. Nyuma ya mwenyekiti, kweli, ilionekana bahari.

Sindano hakuiamini bahari ile.

"Wee mama, umepotea?" Mlinzi alimzibia njia.

"Natafuta choo, kaka."

"Choo kwenye chumba cha umeme?"

Kiwiko kimoja. Mlinzi akalala.

Sindano akashika swichi kuu ya jengo. "Mkuu, tazama skrini."

"Natazama."

Akaishusha.

"Lahaula! Bahari imezimika! Yumo humo humo. Ukumbi wa mikutano uko ghorofa ya tisa, haraka!"

"Mwenyekiti ni nani?"

Mkuu alikohoa.

"Mkuu, ni nani?"

"Utamwona mwenyewe. Nisamehe."

Sindano alipanda ngazi mbio, akausukuma mlango wa ukumbi kwa bega, bastola mbele.

Pazia lililochorwa bahari, taa zake zimezimika. Kamera. Na mwanamke aliyevua viatu chini ya meza, kama alivyozoea tangu zamani.

Bastola ikashuka yenyewe.

"Dada?"

"Nilijua ni wewe. Nani mwingine angewaza swichi?" Dada alijaribu kucheka. "Tangu utotoni huachi kuchokonoa."

Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemlea kwa chupa, akambeba mgongoni mpaka darasani.

"Kuna mlango wa nyuma, mdogo wangu. Sema hukunikuta."

"Hospitali haina dawa, dada. Na wewe unaigiza bahari."

"Na wanangu je?"

"Watalala kwangu. Nitawaogesha, nitawasimulia hadithi. Kama ulivyonifanyia."

Sindano alipiga magoti, akamvisha dada yake viatu, kimoja kimoja. Machozi yakadondokea kifundo. Kisha akamfunga pingu.

"Mkuu, mwenyekiti ninaye. Azimio halikupita. Faida itatozwa kodi hapa hapa."

"Uko salama?"

Alizima kifaa cha sikioni.

Nje, makachero walimpakia dada yake kwenye Land Cruiser. Sindano hakugeuka. Alivaa miwani ya jua, akatembea pole pole kuelekea shuleni. Wapwa zake walikuwa karibu kutoka.